Dagaa Ndani ya Miwani

Shangazi yangu alianza kutapika kabla dawa haijaingia mwilini mwake. Ilikuwa safari yetu ya pili ya kwenda Mwanza kwa matibabu ya saratani ya titi, wiki ya mwisho ya Aprili 2024, na basi tulilopanda Kigoma alfajiri lilikuwa limesimama Busisi kusubiri zamu ya kivuko, kwa kuwa daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi lilikuwa bado linajengwa. Aliyaona maji ya ghuba, akaiona ng'ambo ambako barabara inaendelea kuelekea mjini, akajifunika mdomo kwa khanga na kuanza kutapika, ilhali tangu tuondoke nyumbani hakuwa ametia kitu tumboni zaidi ya kikombe cha uji. Wiki tatu kabla ya hapo tulivuka mahali hapohapo tukirudi, dawa ya mzunguko wa kwanza, yaani awamu ya kwanza ya dripu, ikiwa ingali inamchafua tumbo, na mwili wake uliyashika maji yale, kivuko kile na harufu ile ya dizeli kana kwamba navyo ni sehemu ya dawa.

Wahudumu wa wagonjwa wa saratani wanaifahamu hali hii vizuri. Ubongo huunganisha mateso na vitu vilivyokuwapo yalipotokea, kama mbwa wa Pavlov, yule mwanasayansi wa Urusi, walivyojifunza kutokwa na mate kabla chakula hakijafika, na baada ya mizunguko michache mgonjwa anaweza kupatwa na kichefuchefu kwa kuona tu lango la hospitali, kwa harufu ya spiriti au kwa rangi ya koti la nesi. Vidonge vya kuzuia kutapika, ambavyo husaidia sana baada ya dripu, havifui dafu sana mbele ya kichefuchefu cha namna hii, kwa sababu chanzo chake ni woga ambao umekwisha kuijua njia. Ndiyo maana wataalamu hushauri kuutuliza moyo wa mgonjwa mapema, tangu mzunguko wa kwanza, badala ya kusubiri mpaka woga ujenge nyumba.

Ninaandika kama mpwa wa mgonjwa. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na mahafali pale Mwanga, Kigoma mjini, na sina elimu ya uganga wala ya uuguzi. Lakini nilikaa karibu na kiti ambacho shangazi aliwekewa dripu, kwa mizunguko yote sita, na nilichokiona kwenye kiti kile kimenifanya nisome mengi kuhusu uhalisia pepe na kuamini jambo moja ambalo nadhani linasahauliwa kila vifaa hivi vinapozungumzwa: kilichomo ndani ya miwani kina uzito kuliko miwani yenyewe, na wa kusema kiwe nini ni mgonjwa.

Kwa asiyewahi kuivaa, miwani ya uhalisia pepe ni kifaa kinachofunika macho yote mawili kama barakoa ya mzamiaji. Ndani yake kuna skrini na lenzi mbili, na kuna vihisi vinavyofuata mwendo wa kichwa, kiasi kwamba ukigeuka kulia unaona kilichopo kulia, ukiinua shingo unaona mbingu, na chumba ulichoketi kinatoweka kabisa. Ipo ya bei kubwa inayojitegemea, na ipo ya bei ndogo ambayo ni fremu tu yenye lenzi: unachomeka simu yako mbele, simu inagawa picha mara mbili, na kihisi cha mzunguko kilichomo ndani ya simu kinafanya kazi iliyobaki. Google walipotoa miwani yao ya boksi mwaka 2014 walithibitisha kwamba hata karatasi ngumu iliyokunjwa vizuri inatosha kuanzia. Ya kwangu ilikuwa ya plastiki, nimeazima kwa rafiki anayepiga picha za utalii kule Gombe, na pamoja nayo akaniazima kamera ya nyuzi 360, ile yenye macho mawili inayorekodi mbele na nyuma kwa pamoja.

Wazo la kutumia kifaa hiki hospitalini lina historia ambayo inafaa kusimuliwa, kwa sababu jibu la swali langu, la nini kiwekwe ndani ya miwani, lilikuwamo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1990, mtafiti Hunter Hoffman wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, alishirikiana na mwanasaikolojia David Patterson, aliyekuwa akihudumia watu walioungua moto katika hospitali ya Harborview. Mtu aliyeungua huumia zaidi pale kidonda kinaposafishwa kuliko anapolala, na kila siku husafishwa tena. Hata dawa kali za maumivu mara nyingi hazitoshi. Watafiti hawa wakatengeneza dunia ya kompyuta iitwayo SnowWorld, ambamo mgonjwa anapita kwenye bonde la barafu, theluji inaanguka, naye anarusha mabonge ya theluji kuwalenga watu wa theluji na pengwini huku nesi akiendelea kusafisha kidonda. Mwaka 2004 wakachapisha picha za ubongo za watu wenye afya waliokubali kuchomwa kidogo na joto, zikionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazopokea maumivu zilipunguza shughuli zake walipokuwa ndani ya dunia ile. Maelezo yao ni mepesi kueleweka: usikivu wa binadamu una mipaka, na maumivu yanahitaji usikivu ili yasikike kwa ukamilifu wake, ukiupeleka usikivu mahali pengine, maumivu yanabaki na makombo.

Wengi waliosoma habari hiyo wamekumbuka miwani, nami nilikumbuka theluji. Kwa nini theluji? Kwa sababu wagonjwa wale walikuwa wameungua. Aliyeitengeneza dunia ile aliangalia kwanza adui wa mgonjwa ni nani, akamtafutia kinyume chake. Tena hakumweka mgonjwa atazame tu, alimpa kazi ya kufanya kwa mikono yake.

Kwa upande wa saratani, aliyetangulia kuniongoza ni Susan Schneider, nesi na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, ambaye pamoja na mwenzake Linda Hood walichapisha mwaka 2007 utafiti wa watu wazima 123 wenye saratani ya titi, ya utumbo mpana na ya mapafu, waliovaa miwani wakiwa kwenye dripu. Asilimia 82 walisema wangependa kuivaa tena, na muda ulionekana kwao mfupi kuliko ulivyokuwa. Hata hivyo, usumbufu wa dalili zao, mara baada ya dripu na siku mbili baadaye, haukutofautiana kwa kiasi cha kuaminika na wa siku ambayo hawakuivaa. Nilipenda uaminifu wa matokeo hayo. Tafiti zilizofuata zimekuwa nyingi, baadhi zikionyesha wasiwasi ukishuka wakati wa dripu au wa kuchomwa sindano, baadhi zikionyesha kidogo sana, na nyingi ni za watu wachache. Miwani hii haiponyi saratani, haichukui nafasi ya morfini wala ya dawa za kuzuia kutapika, na haimfuati mgonjwa nyumbani usiku. Inachoweza kufanya ni kuyapitisha masaa. Mtu ambaye hajakaa kwenye kiti kile anaweza kudhani kwamba kupitisha masaa ni jambo dogo.

Sasa nirudi kwa shangazi, maana mzunguko wa pili nilikosea, na kosa langu lilimuumiza.

Nilikuwa nimepakua video tatu kwenye simu kabla ya safari, nikaanza na ile niliyoiona nzuri kuliko zote: kamera inaruka juu ya milima, inateremka kwenye bonde, inapita juu ya mto. Nilimvalisha akiwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, dripu ya maji ikiwa imeanza. Haikupita dakika mbili, akashika mikono ya kiti kwa nguvu, jasho likamtoka usoni, akatapika kwa mara ya pili safari ile. Baadaye ndipo niliposoma kwamba macho yanapouambia ubongo kuwa mwili unakwenda, huku kiungo cha mizani kilichomo ndani ya sikio kikisema mwili umetulia, mgongano huo huleta kizunguzungu kama cha mashua. Kwa mtu mzima wa afya ni usumbufu wa kupita. Kwa mtu ambaye tumbo lake linasubiri kisingizio, ni ukatili, na mimi ndiye niliyemtendea. Tangu siku hiyo sijamwonyesha mgonjwa yeyote picha ambayo kamera yake inatembea. Kamera inasimama kwenye mguu wake, mgonjwa ndiye anayegeuka.

Alipopumzika nilimwomba radhi, nikamwomba pia ajaribu nyingine, ya ufuo wa bahari uliotulia: mchanga mweupe, minazi, mawimbi madogo, hakuna mtu. Video za namna hii ndizo zinazojaa kwenye programu za kutuliza mawazo. Shangazi aligeuza kichwa taratibu kushoto na kulia, akauliza:

"Baba, watu wa hapa wameenda wapi?"

Nikamwambia hakuna watu, ni mahali pa kupumzika.

"Ufuo wa asubuhi usio na mtu hata mmoja? Basi kuna msiba, au kuna mamba. Nivue."

Nilimvua. Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni tuliyofikia, nilikuwa bado nalifikiria jibu lake. Utulivu niliomletea ulikuwa utulivu wa mtu mwingine, mtu anayefanya kazi ofisini mwaka mzima na kutamani mahali ambapo hakuna anayemwita. Kwa mwanamke aliyeishi miaka yote kwenye mwalo wa Kibirizi, ambako mitumbwi inaingia alfajiri na sauti za wachuuzi zinapandana, ukimya wa ufuo ni habari mbaya.

Tuliporudi Kigoma nikangoja giza la mwezi. Wasiotoka kwetu huenda hawajui kwamba dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika mpaka mwezi ufe. Mwezi uliandama tena karibu na tarehe 8 Mei, na asubuhi zile dagaa walikuwa wengi. Ziwa lenyewe lilikuwa limepanda mno mwaka ule, limemeza sehemu ya ufuo, na vichanja vya kuanikia vilikuwa vimesogezwa juu. Nikasimamisha kamera kwenye mguu wake katikati ya vichanja, kwa urefu wa macho ya mtu aliyeketi, nikawaomba akina mama ruhusa nikiwaeleza picha ni za nani, nikaondoka nisionekane. Wao walimjua vizuri kuliko mimi. Mmoja alipita mbele ya kamera akasema, "Pole dada, sisi tupo." Nikapata dakika 22 za kuanika dagaa, pamoja na kuku waliofukuzwa mara tatu, ugomvi mdogo wa ndoo, na milima ya Kongo kwa mbali upande wa pili wa ziwa.

Kuna jambo lililotokea bila mimi kulipanga. Serikali za nchi zinazolizunguka ziwa zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha, na kwa upande wetu uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024. Mzunguko wa tatu wa shangazi uliangukia siku moja baada ya ziwa kufungwa. Alipoketi kwenye kiti chake, vichanja vya Kibirizi vilikuwa vimeanza kuwa vitupu, na dagaa waliobaki kichanjani walikuwa mfukoni mwangu, ndani ya simu.

Kwa mzunguko huo nywele zilikuwa zimekwisha kudondoka, na ngozi ya kichwa ilikuwa laini na yenye kuuma, kwa hiyo mkanda wa miwani haukuweza kufungwa juu yake moja kwa moja. Nesi, ambaye namkumbuka kwa shukrani, alimfunga kwanza kilemba cha khanga kuukuu iliyolainika, kisha akalegeza mkanda juu yake. Ndiye pia aliyenifundisha kuifuta miwani kwa spiriti kabla na baada, kuondoa sponji ya mbele inayonyonya jasho na kuweka kitambaa safi cha kila mgonjwa, kwa kuwa dawa hizi zinashusha chembe nyeupe za damu na ugonjwa mdogo wa macho unaweza kuwa mkubwa. Akasema pia sikio moja libaki wazi, amsikie anapomwita.

Shangazi alinyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Nikahofu kwamba nimekosea tena, kwamba nimemwonyesha nyumbani wakati hawezi kufika nyumbani. Nikaona machozi yakishuka chini ya ukingo wa miwani. Nikanyoosha mkono nimvue, akaupiga mkono wangu.

"Hawa hawajageuzwa," alisema. "Tangu wameanikwa hakuna aliyewageuza. Upande wa chini wataoza."

Kuanzia hapo hakunyamaza tena. Aliwataja akina mama kwa majina, akawapanga, akamlaumu mmoja kwa kuanika dagaa kwa rundo kama mchanga wa ujenzi, akahesabu ndoo, akakadiria ni nani atapata hasara. Wagonjwa wa viti vya jirani wakaanza kumuuliza maswali, naye akiwa amefumbwa macho na miwani akawajibu kana kwamba wamesimama naye mwaloni. Dripu ilipokwisha nilimuuliza anadhani amekaa muda gani. Akasema nusu saa. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba umepita muda wa saa moja na dakika kumi, na video ilikuwa inacheza kwa mara ya nne.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini lile lilifaa pale ambapo milima na minazi havikufaa, na sidhani kwamba ni kwa sababu ya nyumbani peke yake. Nyumbani ndiko kulikoleta machozi. Kilichomtoa kwenye kiti ni kwamba kulikuwa na kazi isiyofanywa vizuri na yeye ndiye anayeijua. Woga wa saratani unamfanya mtu awe kitu cha kufanyiwa: anapimwa, anachomwa, anageuzwa, anaambiwa asubiri. Ndani ya miwani shangazi alirudi kuwa mtu ambaye uamuzi wake una maana. Theluji ya Seattle na dagaa wa Kibirizi ziko mbali sana, lakini pale pia mgonjwa alipewa kitu cha kurusha.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo nesi aliiona kabla yangu. Moja ya dawa alizopewa shangazi ni doksorubisini, ambayo wagonjwa wote wanaijua kwa rangi yake: ni nyekundu kama sharubati, na hata mkojo hubadilika rangi baadaye. Nesi huiingiza polepole kwa bomba la sindano huku akiuangalia mkono muda wote, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama na kuacha kidonda kibaya, na dalili ya kwanza mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe kusema kwamba panauma au panawaka. Sasa fikiria hatari iliyopo: tunamvalisha mgonjwa kifaa ambacho sifa yake ni kumfanya asisikie maumivu, katika dakika zilezile ambazo tunamtegemea asikie. Nesi alitaka miwani ivuliwe wakati wa dawa nyekundu, nami nilikubaliana naye. Lakini hiyo ndiyo dawa ambayo shangazi aliiogopa kuliko zote, aliyokuwa akigeuza uso asiione.

Walichoafikiana nesi na shangazi ni hiki. Miwani ingebaki, lakini shangazi asimamishe kazi kila nesi anapouliza. Kwa hiyo nikasikia mazungumzo ambayo sijapata kuyasikia tena:

"Mama, mkono vipi?"

"Mkono mzima, sista. Huyu mtoto ndiye anakanyaga dagaa."

"Hapawaki?"

"Hapawaki. Mwambieni mtoto atoke."

Mgonjwa aliyezama kimya kwenye ufuo wa minazi asingefaa kuachwa hivyo, na bado naamini kwamba pale ambapo mgonjwa hazungumzi, au nesi ana wagonjwa wengi kiasi cha kutoweza kusimama karibu, miwani ivuliwe dawa za namna hii zinapoingia. Kusema kwa shangazi ndiko kulikomlinda. Watengenezaji wa programu hizi, ambao huhesabu kina cha kuzama kama sifa, wangefanya vyema kuwasikiliza manesi katika jambo hili.

Video ile ilikuwa na kasoro moja. Katika dakika za mwisho wingu zito linaonekana likishuka kutoka milima ya nyuma ya mji, akina mama wanaanza kuinua vichwa, halafu kamera inakatika kwa sababu betri iliisha. Mara mbili za kwanza shangazi hakuliona. Mara ya tatu aliliona, akapaza sauti wodi nzima ikageuka: "Anueni! Mvua hiyo, anueni!" Picha ikakatika, ikaanza upya na jua. Alivua miwani mwenyewe, akanitazama.

"Walianua?"

Sikujua. Nilikuwa nimekwenda kunywa chai. Jioni ile nikapiga simu Kigoma kuuliza, na mama niliyempata akasema hakumbuki siku yenyewe, maana wingu ni la kila siku mwezi huo. Shangazi hakuridhika. Safari nzima ya kurudi alilizungumzia wingu lile, na tulipofika kivukoni Kigongo alikuwa katikati ya kunieleza kwamba dagaa walionyeshewa wakiwa nusu wakavu hawafai tena hata kwa chakula cha kuku. Tulivuka. Alitapika, lakini upande wa pili, baada ya kivuko, kwa sababu ya dawa. Wiki tatu baadaye, safari ya mzunguko wa nne, tulivuka tena naye akiwa na jibu: alikuwa amekwenda mwenyewe mwaloni kati ya mizunguko, akawauliza mmoja mmoja mpaka akampata aliyekumbuka. Hawakuanua. Wingu lilipita. Siku hiyo hakutapika pale majini.

Sitaki kudai kwamba miwani ndiyo iliyofanya hivyo. Huenda mwili wake ulizoea, huenda dawa za kuzuia kutapika zilibadilishwa vizuri, huenda ni mambo mengi kwa pamoja. Ninasema nilichokiona.

Nimeulizwa na watu ninaowaheshimu kama ni sawa kuzungumzia miwani ya kompyuta katika nchi ambayo mgonjwa wa Kigoma anasafiri mpaka Mwanza au Dar es Salaam kupata mionzi. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba sijaomba hata shilingi moja itolewe kwenye mashine au dawa ili inunue miwani. Simu tayari imo mfukoni mwa ndugu aliyemsindikiza mgonjwa, video iliyokwisha kupakuliwa haihitaji intaneti, na woga nao una gharama yake, kwa sababu mgonjwa anayekuwa mgonjwa kwa kuliona lango anaweza siku moja asilifikie.

Umbali wenyewe unanipa wazo jingine. Tiba ya mionzi ina woga wake wa pekee: unalazwa kwenye meza ngumu katika chumba chenye kuta nene, unaambiwa usitikisike, kisha watu wote wanatoka na mlango unafungwa. Pale miwani haifai kuvaliwa, hasa kwa anayetibiwa kichwa au shingo, ambaye hufungwa kinyago cha plastiki usoni ili asisogee. Lakini inaweza kuvaliwa kabla. Uingereza kuna mfumo uitwao VERT, uliobuniwa Hull kwa kuwafundishia wanafunzi wa tiba ya mionzi, ambao baadaye umetumika pia kuwaonyesha wagonjwa mashine na chumba kabla ya siku yao. Ningependa mgonjwa anayepewa rufaa pale hospitali ya Maweni, Kigoma, au Kitete kule Tabora, aketi dakika tano kabla ya kupanda basi au treni, alione lango atakaloingia, korido, kiti, meza, na asikie kwa Kiswahili chake kwamba watakaotoka chumbani wanamwona kwenye kamera na wanamsikia akiita. Kazi hii ni ya kamera moja na ruhusa ya hospitali, na niko tayari kuifanya bila malipo.

Mzunguko wa sita, katikati ya Julai, shangazi hakuivaa miwani. Alisema dagaa wale amewachoka, tena ziwa litafunguliwa mwezi ujao ataona wapya. Badala yake akamvalisha dada mmoja wa Tabora aliyeketi kiti cha pembeni, mzunguko wake wa pili, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitazama sakafu. Dada yule alitazama dagaa kwa adabu, kisha akavua na kuuliza kama humo ndani hamna Tabora.

Nilimwambia hamna bado, nikamuuliza angependa kuona nini: miembe ya mjini, stesheni, soko? Akatikisa kichwa. Alitaka uwanja wa nyumba ya mama yake Urambo, jioni, wakati watoto wake wawili wanarudi kutoka shule na kugombana nani afagie. Mzee aliyekuwa kiti cha tatu, naye wa hukohuko, akadakia kwamba kama nafika Urambo basi nipige na bani la tumbaku, kile kibanda cha kukaushia majani, usiku, moto ukiwa umewashwa, kwa sababu yeye amekesha kwenye mabani tangu ujana na anajua kwa kutazama tu kama joto limezidi. Nikaandika yote mawili. Shangazi akanitazama nikiandika, akaniambia niongeze betri ya akiba.